Kidhibiti cha Kina Kinachotumia Hewa: Kusoma Dalili Kabla ya Kugusa Skrubu

Katika vituo vya gesi, kwenye boila na katika viwanda vya kusafisha mafuta bado vimo vidhibiti vingi vya kina cha kimiminika vinavyofanya kazi kwa hewa ya kompresa peke yake, bila waya hata mmoja wa umeme. Kimojawapo kinapokorofisha, mkono wa fundi huelekea upesi kwenye skrubu ya sifuri, na hapo ndipo tatizo moja linapogeuka kuwa mawili, kwa sababu hitilafu ya awali imebaki pale pale na kalibresheni, yaani ulinganifu wa kifaa na kina halisi, nayo imeshapotea. Skrubu hiyo ni nadra kujilegeza yenyewe. Kwa kawaida kilichobadilika ni kitu kingine, iwe ni hewa, kitundu, displesa (silinda inayozama kwenye kimiminika), chemba au kimiminika chenyewe, na kila kimoja huacha alama zake kwenye geji kwa namna inayoweza kutofautishwa na nyingine.

Mwongozo huu unahusu aina moja ya kifaa, nayo ni ile yenye displesa na mrija wa msokoto, kama Fisher 2500 au Masoneilan 12000. Tuchukulie kwamba kimefungwa kwenye chemba iliyo pembeni ya tangi linalotenganisha gesi na kimiminika, na kwamba kinaendesha vali ya kutolea kimiminika chini ya tangi: kina kikipanda, hewa inayotoka huongezeka na vali hufunguka. Mengi yatakayosemwa yanafaa pia kwa kifaa kama hicho kilichofungwa kwenye tangi la maji ya kulishia boila.

Kinavyofanya kazi

Displesa ni silinda ya chuma iliyo nzito kuliko kimiminika inamozama, kwa hiyo haielei juu kama boya la tangi la choo. Huning'inia kwenye mkono wa chuma na kusogea milimita chache tu. Kimiminika kinapopanda, displesa hupungukiwa na uzito ulio sawa na uzito wa kimiminika ilichokisukuma kando, kama inavyosema kanuni ya Archimedes. Displesa yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,640, ambao ni ujazo wa kawaida kwa vifaa hivi, ikizama yote ndani ya maji hupungukiwa na kilo 1.64, ikizama ndani ya mafuta mepesi ambayo densiti yake ni 0.75 ya ile ya maji, hupungukiwa na kilo 1.23 tu. Tofauti hiyo ya kilo na ushei ndiyo habari yote ambayo kifaa kinapewa, na chochote kitakachoongeza au kupunguza uzito huo kwa njia nyingine kitasomwa kama badiliko la kina.

Mkono unaobeba displesa umeshikamana na mrija wa msokoto, yaani mrija mwembamba wa chuma uliokazwa upande mmoja usigeuke, huku upande wa pili ukisokotwa na uzito wa displesa kwa nyuzi chache. Ndani ya mrija hupita fimbo nyembamba iliyochomelewa kwenye ncha inayosokotwa, na fimbo hiyo ndiyo inayoleta mzunguko nje ya chombo chenye presha pasipo kuhitaji kizuizi cha kusuguana nacho. Kwenye ncha ya nje ya fimbo kuna flapa, kibati chepesi kinachotazamana na nozeli, yaani mdomo mwembamba wa kutolea hewa. Hewa hupita kwanza katika kitundu kidogo kisichobadilika, kisha hutokea kwenye nozeli. Flapa ikikaribia nozeli, presha nyuma ya nozeli hupanda. Ikijitenga nayo, presha hushuka. Relei huisoma presha hiyo ndogo na kutoa hewa nyingi yenye nguvu ya kutosha kuendesha vali.

Kama mambo yangeishia hapo, kifaa kingekuwa swichi tu, kwa kuwa msogeo wa sehemu ndogo sana ya milimita unatosha kuitoa presha kutoka mwanzo hadi mwisho wake. Mwaka 1931 kampuni ya Foxboro ya Marekani ilianza kuuza kidhibiti cha Stabilog, ambamo mhandisi Clesson Mason alikuwa ameirudisha presha inayotoka ili ipunguze msogeo uliosababisha badiliko, na vidhibiti vya leo vinaishi kwa wazo hilo. Katika kifaa chetu kazi hiyo hufanywa na mrija wa Bourdon, yaani mrija uliopinda unaojinyoosha kwa presha, uliobeba nozeli: presha inayotoka ikipanda, mrija hujinyoosha na kuiondoa nozeli mbele ya flapa mpaka usawa upatikane. Vali ndogo ya uwiano huamua ni kiasi gani cha presha kirudishwe. Hili ni la kukumbukwa, kwa sababu mrija wa Bourdon ukitoboka au njia yake ikiziba, kifaa hurudia tabia yake ya kuruka kutoka sifuri hadi juu kabisa kana kwamba hakuna cha katikati.

Ishara ya kawaida ni psi (pauni kwa inchi ya mraba) 3 hadi 15, yaani takriban bar 0.2 hadi 1.0, na hewa inayoingia huwekwa psi 20, sawa na bar 1.4. Ishara huanzia psi 3 ili fundi aweze kutofautisha tangi tupu na bomba la ishara lililokatika: tangi tupu lina psi 3, na bomba lililokatika halina kitu.

Kuna tofauti ambayo mkanganyiko wake hupoteza muda mwingi. Transmita hutuma habari tu, kwa hiyo kina kikiwa asilimia 50 ya urefu wa displesa, ishara yake ni psi 9. Kidhibiti hulinganisha kina na kile kilichowekwa, na psi 9 yake hueleza mahali ambapo vali inatakiwa kuwa, wala si mahali kimiminika kilipo. Anayesoma geji ya kidhibiti kana kwamba ni transmita atakuta hitilafu kila siku.

Vitu vinne vya kusoma kwanza

Mjulishe kwanza mtu wa chumba cha udhibiti, na usizime ulinzi wa kina cha juu au cha chini kwa sababu tu unasumbua. Kisha andika mambo manne kwa wakati mmoja: kina kwenye kioo cha tangi (kile cha kutazamia kimiminika), presha ya hewa inayoingia, presha ya hewa inayotoka, na mahali mti wa vali, yaani fimbo inayoifungua na kuifunga, ulipo. Manne hayo yakiwekwa pamoja huigawa njia nzima katika vipande, na mara nyingi humwondolea fundi nusu ya kazi kabla hajafungua kasha.

Presha inayoingia ikiwa chini ya psi 20, usiendelee hadi irekebishwe, kwa sababu kila dalili utakayoiona baadaye itakuwa ya shaka. Presha inayotoka na vali zikikataana, kwa mfano ishara ni psi 15 na vali bado imefungwa nusu, basi kidhibiti hakina kosa. Tafuta diaframu (utando unaosukumwa na hewa) ya vali iliyochanika, bomba linalovuja au mti wa vali uliokwama kwenye gasketi zake. Presha inayotoka na vali zikikubaliana lakini zote mbili zikawa haziendani na kina cha tangi, ndipo kidhibiti na displesa vinapoingia kwenye orodha ya washukiwa.

Geji ndogo zilizofungwa kwenye kasha zisiaminiwe sana, hasa zile ambazo mshale wake hukaa juu ya sifuri hata hewa ikifungwa. Geji ya majaribio iliyopimwa hivi karibuni huondoa ubishi. Kioo cha tangi nacho hudanganya. Kifungulie mfereji wake wa chini kwa uangalifu, ukifunge, na uangalie kama kina kinarudi upesi mahali pake. Kioo kinachorudi polepole kina njia iliyoziba, na fundi anayekalibu kidhibiti kwa kukifuata kioo cha namna hiyo anakiharibu kifaa kizima ili kifanane na kibovu.

Hewa chafu na hewa yenye maji

Ningeulizwa nianzie wapi bila kuona kitu chochote, ningeanzia kwenye hewa. Kiwango cha ISA, chama cha kimataifa cha wataalamu wa vifaa vya udhibiti, cha mwaka 1996 kuhusu ubora wa hewa ya vifaa, ISA-7.0.01, kinataka kiwango cha umande kiwe angalau nyuzi 10 za Selsiasi chini ya joto la chini kabisa ambalo bomba litakutana nalo, chembe zisizidi mikromita 40, na mafuta yasizidi sehemu moja kwa milioni. Katika miji ya pwani kama Mombasa na Dar es Salaam, ambako hewa hubeba unyevu mwingi karibu mwaka mzima, kompresa isiyo na kikaushio kizuri hutuma maji kwenye mabomba.

Dalili yake ni ya saa maalumu. Kifaa hufanya kazi vizuri mchana, kisha alfajiri, bomba linapokuwa limepoa, hewa inayotoka huanza kurukaruka au kusita, na jua likipanda tatizo hutoweka kabla fundi hajafika. Fungua mfereji wa chujio ulio chini ya regyuleta (kipunguza presha ya hewa inayoingia) na upulizie kitambaa cheupe. Maji matupu yanaelekeza kwenye kikaushio. Maji yenye rangi ya maziwa au utando wa mafuta yanaelekeza kwenye kompresa. Unga wa kahawia ni kutu ya bomba la chuma. Kusafisha kitundu cha relei bila kuondoa chanzo hicho ni kazi ya kurudiwa.

Mahali ambapo gesi asilia hutumika badala ya hewa, tahadhari huwa kubwa zaidi. Kila kidhibiti cha aina hii huvujisha gesi kidogo muda wote kwa maumbile yake, kwa hiyo matundu ya kutolea yaongozwe mbali na watu na vyanzo vya moto, na gesi yenye salfidi ya hidrojeni isiruhusiwe kupita kwenye sehemu za shaba, ambazo huliwa nayo.

Hewa haitoki, au inatoka kidogo na haipandi

Kioo kinaonyesha tangi limejaa, hewa inayoingia ni psi 20, lakini geji ya kutoka iko karibu na sifuri. Fungua kasha na uisukume flapa kwa kidole, taratibu, hadi iguse nozeli. Jaribio hili ni la sekunde chache na sioni lingine linalolipa kama hili, kwa sababu linaikata njia katikati: kwa upande mmoja hewa, kwa upande mwingine displesa na viungo vyake.

Presha ikipanda hadi karibu na psi 20, basi kitundu, nozeli na relei ni vizima, na tatizo liko upande wa displesa, kwenye kiungo cha fimbo na flapa, au kwenye kina kilichowekwa, ambacho huenda kimepandishwa na mtu. Isipopanda, mshukiwa wa kwanza ni kile kitundu kisichobadilika kilicho kabla ya nozeli. Kikiziba, nozeli haipati hewa, presha nyuma yake huwa sifuri hata flapa ikiigusa, na relei haina cha kuisukuma. Relei nyingi zina kitufe chenye waya wa kusafishia ndani. Kibonyeze na ukiachie. Pasipo kitufe, toa relei na upitishe waya mwembamba kuliko kitundu. Usikikwangue wala kukipanua kwa keekee, kwa kuwa kitundu kikipanuka, nozeli haitaweza tena kuishusha presha inavyopaswa, na relei itabadilishwa bila ya kuwa imekufa.

Kitundu kikiwa safi na presha bado haipandi, paka maji ya sabuni kwenye viungo vya mrija unaokwenda kwenye nozeli na kwenye mrija wa Bourdon. Mvujo mdogo sana mahali hapo unatosha, kwani hewa inayopita kwenye kitundu ni kidogo. Baada ya hapo hubaki diaframu za relei, ambazo hukauka na kupasuka. Relei inayotoa hewa nyingi kwenye tundu lake la kutolea hata ishara ikiwa imetulia, kwa kawaida diaframu yake imekwisha au kuna taka kwenye kiti cha vali yake.

Hewa inayotoka imekwama juu

Hapa fanya kinyume: iondoe flapa mbele ya nozeli. Presha ikikataa kushuka, nozeli imeziba au tundu la kutolea la relei limefungwa. Tundu hilo huwekwa wavu, na wavu ukikosekana, nyigu wa udongo hulipenda kwa kujengea. Kasha lililoachwa miezi kadhaa bila kufunguliwa lichunguzwe kwa jambo hilo kwanza.

Presha ikishuka vizuri unapoiondoa flapa, kisha ikarudi juu mara unapoiachia, basi flapa inasukumwa kweli na mrija wa msokoto, na kifaa kinaamini kuwa tangi limejaa. Huenda limejaa. Lakini kama kioo kisicho na hitilafu kinasema tangi ni tupu, displesa imetoka kwenye ndoano yake na kulala chini ya chemba. Mrija wa msokoto uliopoteza mzigo wote haujui kama mzigo umeelea au umeanguka. Dalili hii hujitokeza ghafla, mara nyingi baada ya tangi kufunguliwa kwa kasi au baada ya msukumo mkubwa wa gesi, na katika tangi letu matokeo yake ni mabaya: vali hufunguka kabisa, kimiminika huisha, na gesi yenye presha kubwa hupita kwenda kwenye vyombo vinavyofuata ambavyo havikutengenezwa kuibeba.

Ishara ipo, lakini haikubaliani na kioo

Hili ndilo eneo pana kuliko yote, na ndipo subira inapohitajika. Swali la kwanza ni kama kosa ni lile lile katika kila kina au linakua kadiri kina kinavyopanda, na jibu hupatikana kwa kuitenga chemba na tangi na kuipima ikiwa tupu, kisha ikiwa imejaa. Funga vali zake mbili, toa presha, toa kimiminika chote, halafu soma ishara ya transmita. Kama ni kidhibiti, kiweke kwanza katika hali ambayo kitabu chake kinaitaka kwa kukalibu.

Ishara ikiwa chini ya psi 3 wakati chemba ni tupu, displesa imekuwa nzito kuliko ilivyokuwa. Ama imetoboka na kuingiwa na kimiminika, ama imegandwa na nta, chumvi, magamba au masizi. Iliyotoboka hujulikana kwa jinsi kosa linavyokua siku hadi siku kuelekea chini, na tangi huzidi kujaa huku kifaa kikiripoti upungufu. Displesa ya namna hiyo ni hatari kuishika, kwani inaweza kubaki na presha ya tangi ndani yake hata baada ya chemba kufunguliwa, pamoja na kimiminika kinachowaka. Isitobolewe, isichomelewe wala kupashwa moto ili kujua kilichomo. Ipimwe kwa mizani na ilinganishwe na uzito ulioandikwa kwenye kibati cha kifaa.

Ishara ikiwa juu ya psi 3 wakati chemba ni tupu, displesa imepungua kwa kuliwa na kutu au, mara nyingi zaidi, imeegemea kitu. Chemba isiyosimama wima humfanya displesa kusugua ukuta, na hapo ishara hukwama mahali pamoja, kisha huruka kina kinapobadilika vya kutosha kushinda msuguano. Weka timazi kwenye chemba kabla ya kubadilisha chochote. Taka zinazogandamana kati ya mrija wa msokoto na fimbo yake huleta kukwama kunakofanana, na mrija uliotobolewa na kutu hujitangaza wenyewe kwa kutoa kimiminika au gesi ya tangi ndani ya kasha. Hapo kazi inasimama mpaka tangi litolewe presha.

Ishara ikiwa sahihi chemba ikiwa tupu na kosa likakua kadiri kina kinavyopanda, ichunguze densiti. Chukua transmita iliyokalibiwa kwa kimiminika chenye densiti 0.80 ya maji. Kisima kingine kikiunganishwa na kimiminika kikawa na densiti 0.70, displesa iliyozama yote itatoa asilimia 87.5 tu ya upeo (masafa yote ya ishara, kutoka tupu hadi kujaa), yaani psi 13.5 badala ya 15. Hakuna kilichoharibika. Kifaa kimepima uzito kwa uaminifu, na aliyekiweka alikiambia kimiminika kingine. Povu na mafuta yaliyojaa gesi huleta kosa la mwelekeo huo huo, ila huja na kuondoka.

Mara nyingine chemba na tangi zina vina viwili tofauti kwa kweli. Njia ya chini ya chemba ikiziba huku ya juu ikiwa wazi, mvuke huingia juu, hugeuka kimiminika na kuijaza chemba pole pole, na ishara hupanda hata tangi likishuka. Njia ya juu ikiziba kwenye chombo cha mvuke, mvuke ulionaswa hupoa na kusinyaa, nao huvuta maji juu. Kwenye tangi la gesi isiyogeuka kimiminika, gesi iliyonaswa hukandamizwa na kukizuia kina cha chemba kisifuate cha tangi, kwa hiyo ishara husogea kidogo tu. Hata njia zikiwa wazi, kimiminika kilichomo kwenye chemba isiyofunikwa kwa kizuia joto huwa cha baridi na kizito zaidi kuliko cha tangini, hivyo safu yake fupi husawazishana na safu ndefu ya tangi. Kwenye maji ya boila tofauti hiyo huonekana kwa macho.

Vali inapanda na kushuka bila kutulia

Wengi hukimbilia kupanua ukanda wa uwiano, yaani kiasi cha badiliko la kina kinachoitoa vali kutoka kufungwa hadi kufunguka kabisa, na huenda wakawa sahihi, lakini kwanza ijulikane mawimbi yanatoka wapi. Kishike kidhibiti kisiendeshe vali, kwa kuipa vali hewa isiyobadilika kupitia regyuleta ya pembeni, na uangalie kina. Kikiendelea kupanda na kushuka, chanzo ni mtiririko unaoingia tangini, kama ilivyo kawaida kwa mabomba marefu yanayoleta kimiminika kwa mafungu, na hakuna marekebisho ya kidhibiti yatakayoukomesha. Kikitulia, kosa ni la mzunguko wenyewe: ukanda wa uwiano ni mwembamba mno, au vali ni kubwa kuliko kazi yake na hufanya kazi ikiwa karibu kufungwa muda wote, au mti wake unashikwa na gasketi zilizokazwa kupita kiasi. La mwisho lina alama inayolitambulisha, kwani presha inayotoka hupanda taratibu bila vali kusogea, kisha vali huruka kwa mpigo mmoja.

Kurukaruka kwa kasi, ambako geji ya kutoka hutetemeka badala ya kupanda na kushuka kwa dakika, ni jambo jingine. Tazama mrija wa Bourdon, relei iliyochakaa na flapa isiyokaa sambamba na nozeli.

Uvivu katika kuitikia una maelezo mafupi zaidi. Angalia geji ya kuingia wakati ishara inapanda: ikianguka, chujio limeziba au bomba la hewa ni jembamba. Isipoanguka, kitundu kimeziba nusu, au bomba la ishara ni refu mno kwa vali yenye diaframu kubwa.

Malalamiko mawili ambayo si ubovu

La kwanza husema kwamba kina hakifiki kamwe kwenye alama iliyowekwa. Kidhibiti cha uwiano peke yake hakiahidi hilo. Ili vali ibaki wazi zaidi mtiririko unapoongezeka, lazima presha inayotoka iwe juu zaidi, na ili iwe juu zaidi, lazima kina kikae juu ya alama. Kwenye tangi la kutenganisha jambo hilo halina madhara, na binafsi naona ni afadhali kina kielee kati ya mipaka miwili kuliko kulitupia bomba linalofuata mtiririko unaorukaruka.

La pili hutokea pale kidhibiti kimeongezewa sehemu ya kurudisha kina kwenye alama. Tangi likikaa muda mrefu na kina cha chini, sehemu hiyo huendelea kuishusha presha hadi sifuri kabisa, na kimiminika kinaporudi vali hubaki imefungwa hata kina kikivuka alama, kana kwamba kifaa kimelala. Kimejilimbikizia kosa la saa nyingi na kinahitaji muda kulimaliza. Dawa yake ni vali ndogo ya kupunguzia mlimbikizo huo, ambayo watengenezaji huiuza kama nyongeza.

Ikiwa tatizo limeanza mara tu baada ya matengenezo, na kina hukimbilia juu au chini kabisa kisirudi, mwelekeo wa kazi umegeuzwa. Mrija wa Bourdon umefungwa upande usio wake, au vali iliyorudishwa ni ile inayofungwa na hewa badala ya kufunguliwa nayo.

Kurudisha kalibresheni

Chanzo kikishaondolewa, sasa skrubu zina kazi. Kukalibu kwa maji ndani ya chemba kunatosha mahali pengi, mradi kina cha maji kipunguzwe kwa densiti ya kimiminika halisi. Displesa yenye urefu wa milimita 813, itakayotumika kwenye kimiminika chenye densiti 0.80, huwekwa sifuri chemba ikiwa tupu, na upeo wake huwekwa maji yakiwa milimita 650 kutoka ncha ya chini ya displesa. Katikati ni milimita 325. Rekebisha sifuri, kisha upeo, kisha rudia sifuri, kwa sababu kimoja hukivuta kingine. Unapoirudisha chemba kazini, fungua vali ya juu kwanza na kwa taratibu, ili presha isawazike kabla kimiminika hakijaipiga displesa.

Kwa mpaka kati ya mafuta na maji hesabu hubadilika. Displesa huwa imezama wakati wote, kwa hiyo sifuri ni displesa iliyozungukwa na mafuta matupu, ambayo kwa densiti 0.80 ni sawa na milimita 650 za maji, na upeo ni milimita 813. Kifaa kina milimita 163 za kuchezea mahali ambapo kwenye mafuta na gesi kilikuwa na 650, na kila gramu ya nta iliyogandamana kwenye displesa huleta kosa lililo kubwa mara nne kwa asilimia.